Koki Kumi na Moja

Mzee Tokieda alikuwa na sheria moja aliyotuchosha nayo miaka tisa, sisi watengeneza michezo ya video: mchezaji hakosei. Mchezaji akikwama, kosa ni la fumbo. Akiusukuma ukuta mara kumi akidhani ni mlango, basi wewe uliyeuchora ndiye uliyeufanya ufanane na mlango. Aliyasema haya akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama mwanafunzi anayekariri kiapo, nasi tuliokuwa wadogo kwake tulitazamana na kubana vicheko.

Sheria ya pili ilizaliwa na ya kwanza. Mtu anapolijaribu fumbo lako, kaa nyuma yake, mikono magotini, mdomo umefungwa. Usikohoe. Akigeuka kukutazama, wewe tazama saa. Ukimsaidia hata kwa ukope, jaribio limeharibika.

Nimeanza na sheria zake kwa sababu kwa sura usingemtambua. Alikuwa na sura ya karani yeyote wa hapa Kokura, mji wetu wa viwanda nchini Japani: miwani, nywele zilizolala, shati la mikono mirefu hata Agosti, na mfukoni penseli tatu alizozichonga kwa kisu. Mchana alikula matonge mawili ya wali yaliyofungwa kwa mwani, kazi ya mkewe Sumie. Na kila Jumatatu alituletea kopo la achari ya figili na matango, ambayo Sumie aliivundika kwenye pipa la pumba za mchele alilorithi kwa mama yake. Pipa la namna hiyo halitaki mzaha. Usipolikoroga kwa mkono kila siku, linaoza. Tuliigombania achari ile mpaka bosi wetu, Hirowatari, akaweka zamu.

Tulikuwa watu tisa kwenye ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, tukitengeneza mchezo wa video ulioitwa Jiji la Shaba. Ni dunia ambayo umeme haukuvumbuliwa kamwe. Kila kitu kinakwenda kwa mvuke na magurudumu ya shaba: mabasi, ndege, hata meno ya bandia ya meya. Mimi, Urakawa Kozue, ndiye niliyeichora shaba yote ile, na sioni haya kusema niliichora vizuri. Mtoto wa hapa hafundishwi kuchora mabomba na moshi, anayaona tangu darasa la kwanza kupitia dirishani. Tokieda kazi yake ilikuwa mafumbo: ile michezo midogo ndani ya mchezo mkubwa, ambapo binti fundi, shujaa wetu, anafika mlangoni na hapiti mpaka atumie akili.

Fumbo alilolipenda kuliko yote lilitoka kwa mkewe. Sumie alizaliwa nyuma ya boila. Baba yake alikuwa na hamamu ya mtaa upande wa Yahata, iliyoitwa Mbayuwayu, na tangu akiwa na miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyefungua na kufunga koki za maji moto huku wateja wakioga upande wa pili wa ukuta. Mteja akitaka maji yaongezwe moto, aligonga bomba mara mbili. Tulizisikia habari hizi kwenye karamu ya kufunga mwaka, Sumie mwenyewe akisimulia, mashavu yamemwiva kwa pombe ya mchele.

“Huyu bwana,” akasema, akimwonyesha Tokieda kwa kijiti cha kulia, “alikuja akiwa na miaka ishirini na miwili. Ko-ko! Naongeza moto. Ko-ko! Naongeza tena. Nikachungulia kwenye tundu, namwona amekuwa mwekundu kama pweza wa kuchemshwa, na bado anagonga!”

“Ulichungulia upande wa wanaume?” Hirowatari akaruka.

“Nilichungulia kipimajoto, we mpumbavu! Basi alipotoka nikamvamia mlangoni. We kaka, una wazimu? Akainama mpaka chini, samahani, samahani, akakimbia bila soksi. Kesho yake jioni nasikia tena. Ko-ko.”

Tulicheka hadi machozi. Mimi na mdomo wangu nikamwuliza, “Na alikuambia lini kwamba anakupenda?”

“Nani, huyu?” Sumie akashika kifua. “Miaka thelathini na tatu, nasubiri! Mwanamume wa huku kumwambia mkewe maneno hayo, afadhali ale makaa ya mawe.”

Tokieda alikikodolea kikombe chake macho, masikio mekundu.

Hamamu ya Mbayuwayu ilishabomolewa zamani, sasa watu wanaegesha magari pale. Ndiyo maana akataka kuijenga tena ndani ya Jiji la Shaba. Binti fundi anafika alfajiri, watu wamepanga foleni nje na ndoo zao, boila imelala. Kuna koki kumi na moja. Anatakiwa ajaze birika la wanaume, birika la wanawake na lile dogo la dawa, kila moja na moto wake, bila boila kupasuka. Akiweza, mlango unafunguliwa na jiji linaoga. Sumie alimweleza kila koki ilikaa wapi, Tokieda akazichora kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, mimi nikazitia shaba, kutu na jasho la mvuke. Kazi ya mwezi mzima. Koki ya tano niliipa mpini uliopinda, kwa kuwa Sumie alisema ile ya kwao ilipindishwa na nyundo ya babake siku aliyokasirika.

Sasa, kwa desturi yetu pale kazini, kila mtunga mafumbo alikuwa na mtu wake wa nyumbani. Wenzako ofisini hawafai kwa majaribio, wanajua majibu. Watu wa nje nao huwezi kuwaita kila wiki, siri itavuja. Basi unamchukua mtu mmoja wa nyumbani, asiyecheza michezo hii, na kila unapolibadilisha fumbo anakaa analijaribu. Wewe unaandika muda kwenye kadi, naye anaandika maneno yake chini. Mtu wa Tokieda alikuwa Sumie, nani mwingine? Watoto hawakujaliwa.

Kadi ya kwanza aliileta kazini kama mtu aliyeleta picha ya mtoto mchanga. Sekunde arobaini na moja. Chini yake, kwa mwandiko ulionyooka: “Koki ya kumwagia maji umeiweka kulia. Ilikuwa kushoto. Baba angekuchapa.”

“Koki kumi na moja kwa sekunde arobaini na moja!” akasema. “Fumbo zuri hili.”

Kwa nini hakuliacha hapo? Kwa sababu fumbo haliachwi. Akaihamisha koki kushoto, akabadilisha na kasi ya maji. Kadi ya pili, dakika moja na nusu. Akakunja uso. Akabadilisha tena. Dakika mbili na zaidi. Akaanza kuja kwenye meza yangu, akiniita kwa “san” ya heshima.

“Urakawa-san, samahani sana. Tuondoe koki mbili.”

“Zipi?”

“Ya tatu na ya nane. Zinachanganya.”

“Zinamchanganya nani?”

“Mchezaji.”

Nikaziondoa. Baada ya wiki tatu akarudi, samahani sana, tuondoe nyingine mbili. Mwaka ule wote alikuja hivyo, ameinamisha kichwa, na kila alipokuja nilijua nitafuta kitu nilichokitolea jasho. Zikabaki saba. Zikabaki nne. Siku aliyokuja kuiondoa ile yenye mpini uliopinda, nilirusha kalamu.

“Tokieda-san, kwa nini usiseme tu kwamba michoro yangu ni mibaya?”

“Michoro ni mizuri sana.”

“Basi mbona unanifutisha? Kazi ya mwezi mzima! Nyie watu wa mafumbo mnadhani shaba inaota yenyewe kama uyoga!”

“Mchezaji hakosei,” akasema kwa upole. “Fumbo langu bado lina kosa mahali, sijalipata. Naomba univumilie.”

Nilimvumilia kwa roho mbaya. Nilianza kumsema kwenye chumba cha chai, kwamba mzee ameishiwa, kwamba akili yake imeota kutu kuliko mabomba yangu. Ulimi hauna mfupa, na wangu hata aibu haukuwa nayo. Kipindi hichohicho achari ya Jumatatu ilianza kuja na chumvi ya kuua ng’ombe. Wiki nyingine ikaja haina chumvi kabisa. Kisha ikaja na utando mweupe juu, na Hirowatari akaitupa kimyakimya, akaliosha kopo. “Bi Sumie ametuchoka,” nikasema, na watu wakacheka. Baadaye kopo halikuja tena. Hata mmoja wetu hakuuliza.

Mwezi wa kumi mwaka uliofuata tuliwaita watu wa nje kwa mara ya kwanza: vijana kumi wa chuo cha ufundi, wametia saini karatasi za siri, wamepewa biskuti. Wakacheza siku nzima. Kwenye hamamu ya Jiji la Shaba zilikuwa zimebaki koki tatu, na moja ilikuwa inamulika nyekundu ili uione. Kijana wa kwanza alilimaliza fumbo kwa sekunde nane. Wa pili kwa sita. Wa nne aliuliza, “Fumbo lenyewe linaanza lini?” Kwenye karatasi ya maoni msichana mmoja aliandika: hili si fumbo, hii ni swichi ya taa.

Jioni, vijana walipokwisha ondoka na jua bado liko kwenye vioo, Hirowatari alituketisha mezani. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alimgeukia Tokieda na kusema, “Tokieda-san, la hamamu itabidi tulitoe.”

Tokieda akasimama, mikono ubavuni. “Naomba mwezi mmoja. Bado ni gumu mno.”

Tulidhani hatukusikia vizuri.

“Gumu?” Hirowatari akauliza. “Wamelimaliza kwa sekunde nane.”

“Wale wamezoea michezo. Mke wangu linamshinda. Wiki iliyopita lilimshinda kabisa. Kosa lipo, nitalipata.”

Hapo ndipo niliposema. Ningeweza kuficha, maana hakuna ambaye angenishtaki, lakini nilisema, kwa sauti, mbele ya watu wote: “Koki tatu na moja inamulika! Paka wangu angeifungua kwa mkia. Labda mkeo umfundishe kwanza kuwasha taa, ndiyo uje utufutishe kazi zetu.”

Wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, kwa heshima, kama mtu anayepokea zawadi asiyoitaka.

Hirowatari hakucheka. Aliomba kadi, aone lilivyoanza. Tokieda akatoa bahasha kwenye droo yake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikazipokea na kuzipanga mezani kwa safu, ya kwanza hadi ya mwisho. Zilikuwa ishirini na sita. Nilizipanga kwa haraka na kwa hasira, nikitafuta mahali pa kumwumbua. Nikaanza kusoma.

Ya kwanza: “Baba angekuchapa.” Ya nne: “Leo macho yamechoka, nisamehe.” Ya saba, dakika kumi na mbili: “Maji yanakwenda wapi?” Ya kumi na moja: “Mabomba mazuri. Aliyechora ana mkono.” Ya kumi na tano tena: “Mabomba mazuri. Aliyechora ana mkono.” Ya kumi na sita, neno kwa neno, hivyohivyo. Kuanzia pale mistari ilianza kupanda juu na kushuka, herufi moja kubwa, nyingine ndogo. Ya ishirini na mbili ilikuwa na jina lake tu, na alilikosea, akalikata, akalikosea tena. Ya mwisho ilikuwa na duara. Chini, kwenye kila kadi, mwandiko wa Tokieda, uleule, safi: Tumepunguza koki. Tumeongeza mwanga. Tumepunguza tena.

Bibi yangu mzaa mama alikufa akiniita kwa jina la mbwa wake wa utotoni. Mwandiko ule wa mtu anayesahau niliujua. Nikakaa.

“Tokieda-san,” nikasema. “Fumbo halina kosa.”

“Lina kosa, Urakawa-san. Mchezaji—”

“Fumbo halina kosa! Halijawahi kuwa na kosa. Tazama kadi. Usitazame dakika, tazama maneno.”

Alizitazama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akazitazama tena, na sisi wote tulikuwa tumeshaelewa na tunamsubiri yeye. Uso haukubadilika hata kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya kikazi, ileile ambayo angeniuliza koki ya ngapi ina kasoro:

“Kuanzia kadi ya ngapi?”

Tukaziinamia kadi.

“Naomba kujua. Kuanzia ya ngapi?”

“Labda ya saba,” nikasema.

Akaichukua ya saba, akasoma tarehe. Ilikuwa ya mwezi wa pili. Akaishika kwa mikono miwili.

“Siku hiyo aligeuka mara mbili kunitazama,” akasema. “Mara ya pili midomo ilikuwa inamtetemeka. Nilidhani anacheka.” Akaisoma tarehe tena. “Nikatazama saa.”

Hirowatari akasema, “Tokieda-san, keti kidogo.” Hakuketi. Alianza kutueleza mambo ambayo hatukuuliza, yeye ambaye miaka tisa hakuwahi kutuambia hata rangi ya paa lake. Sumie aliunguza sufuria, mumewe akamnunulia jiko linalojizima. Funguo zikapotea, akapigilia msumari mlangoni kwa urefu wa jicho lake. Rimoti ya televisheni ikamshinda, akabandika utepe mwekundu kwenye kitufe kimoja na kuvifunika vingine vyote. Akawa hajui choo kilipo, mumewe akachora mshale sakafuni.

“Nilidhani nyumba imepangwa vibaya,” akasema. “Kila kitu nilikirahisisha. Kila nilichorahisisha kilimsaidia wiki mbili, nikafurahi. Nilikuwa naona kazi yangu inakwenda vizuri.”

Akainama mbele yetu mpaka paji la uso likakaribia meza, akaomba radhi kwa kutupotezea muda. Kisha akaniinamia mimi peke yangu. “Urakawa-san, na michoro yako. Nimekufutisha bure.” Nilitaka sakafu ifunguke. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu yalikuwa yametapakaa meza nzima, mbele ya watu.

Daktari alimwambia Tokieda kwamba dalili za maradhi ya kusahau zilikuwapo si chini ya mwaka na nusu. Hakuna dawa ambayo ingeyarudisha mambo nyuma, akasema, hata wangekuja siku ya kwanza. Tokieda alishika hilo na kutueleza kama faraja, na tukaitikia kama faraja. Lakini siku moja, akichonga penseli, aliniambia lililobaki. Daktari alisema wale wanaokuja mapema huambiwa wakiwa bado wanaelewa wanachoambiwa. Wanalia, halafu wanakaa na wenzao wanapanga: nani aniogeshe, nani asinione, pipa la pumba apewe nani, nizikwe na nini. Wanaagana wakiwa bado wapo wawili.

“Ningekuwa na mwaka mzima wa kuzungumza naye,” Tokieda akasema. “Nilikaa nyuma yake na saa.”

Mimi, mwenye mdomo huu, nikamwambia nazirudisha koki.

Nilizirudisha zote kumi na moja, na ile yenye mpini uliopinda, na koki ya kumwagia maji nikaiweka kushoto. Hirowatari hakupinga. Nililipa fumbo lile mikono yangu yote miwili kwa wiki mbili, kisha Tokieda akaongeza kitu kimoja cha mwisho: ukifanikiwa, kabla mlango haujafunguliwa, kutoka upande wa pili wa ukuta inasikika bomba likigongwa mara mbili. Mchezo ulipotoka wachezaji walililaani fumbo lile, wakalisifu, wakaandikiana barua za kusaidiana. Hakuna aliyejua nani anagonga. Tokieda hakuwapo kusoma sifa. Alikwisha acha kazi ili amtunze mkewe.

Nilikwenda kwao mwezi wa nne, nimebeba nakala ya mchezo na kopo la achari ya dukani, ambayo niliionea haya tangu mlangoni. Msumari wa funguo ulikuwapo. Mshale wa sakafuni ulikuwapo, na mwingine, na mwingine. Pipa la pumba lilikuwa jikoni, limefunikwa kitambaa safi. Tokieda alilikoroga kila asubuhi kwa mkono wake, aliniambia, ingawa lilishaoza kabla hajalishika na pumba zote ilibidi zitupwe. Alikuwa akikoroga mpya. Hazikuwa na ladha bado.

Sumie alikuwa ameketi sakafuni kwenye meza ndogo, amechanwa nywele vizuri, upande mmoja zaidi ya mwingine, nikajua nani aliyemchana. Alinikaribisha kwa ukarimu sana.

“Upande wa wanawake ni huku, mama. Vua viatu. Maji yatakuwa tayari sasa hivi.”

“Asante, Bi Sumie.”

Tokieda akawasha mchezo, ikatokea hamamu: alfajiri, mvuke, watu na ndoo zao nje, koki kumi na moja za shaba. Akamwekea mashine ya mchezo mikononi. Mwili wangu ulijua atakapokaa, nyuma, mikono magotini. Hakukaa nyuma. Alikaa ubavuni kwake, goti kwa goti, na saa ya mkononi hakuwa nayo.

Sumie aliiangalia picha kwa muda mrefu. Kidole chake kikagusa koki ya tano, ile iliyopinda, kikaiacha.

“Mabomba mazuri,” akasema. “Aliyechora ana mkono.”

Nilizitazama soksi zangu.

Kidole hakikurudi kwenye koki. Macho yalianza kumtoka kwenye kioo, yakaenda kwenye dirisha, mikono ikalegea. Tokieda akaona. Akanyoosha ngumi yake na kugonga ubao wa meza kwa kifundo cha kidole, mara mbili.

Sumie akainua kichwa. Uso wote ukaamka, sijui niseme vipi, ukaamka na ukawa na miaka ishirini.

“Umesikia?” akaniuliza mimi, akininong’oneza. “Yule kijana. Kaja tena.”

“Kijana gani?”

“Wa upande wa pili. Hee, ana wazimu yule! Maji yanachemka na bado anagonga.” Akacheka, mkono mdomoni. “Nadhani ananipenda. Hajasema lakini. Ana haya. Atasema tu.”

Tokieda alikuwa bado ameinamia meza. Nilitaka kutoka nje, na nilijua nikijongea nitaharibu, kwa hiyo nilikaa vilevile, mikono magotini, mdomo nimeufunga, kama alivyotufundisha.

“Sumie,” akasema. “Nakupenda.”

Alilisema vizuri, kwa sauti, kwa sura ya mtu aliyelibeba miaka thelathini na tano na amelifikisha. Sumie akamgeukia. Akamtazama usoni kwa makini na kwa huruma, kisha akamwinamia kidogo, kama mtoto wa mwenye hamamu anavyomwinamia mteja mtu mzima.

“Asante sana, mzee wangu,” akasema. “Nisamehe. Kuna mtu ananisubiri pale nyuma ya ukuta.”

Tokieda akaitikia kwa kichwa, mara moja, na tena. Chai ilikuwa inapoa mbele yetu. Kisha akanyoosha mkono na kugonga meza, ko-ko, na Sumie akageuka upesi kuelekea ukutani, akitabasamu, akampa mgongo.